Zakayo shuka: kisa cha lakabu iliyowashinda mabloga wa kulipwa

Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ya Kenya iliwapa wananchi siku ya mapumziko ili wapande miti. Ilikuwa sehemu ya mpango wa kufikisha miti bilioni 15 kabla ya mwaka 2032 kwisha, na ni mpango wa maana katika nchi ambayo misitu yake imefyekwa vibaya. Lakini Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa kazi mbili: kupanda mche ardhini na kupanda juu ya shina. Ukiandika "Rais apanda mti" umeandika habari ya mazingira. Msomaji ambaye kwa miezi kadhaa amekuwa akimwita Rais William Ruto kwa jina la Zakayo, yule mtoza ushuru aliyekwea mkuyu, anasoma habari nyingine kabisa. Mzaha haukuhitaji mtunzi, maana ulikuwa tayari ndani ya kichwa cha habari. Mtu wa komenti alibakiwa na neno moja la kuandika: shuka.

Neno hilo moja ndilo kiini cha kisa hiki. Siasa za Kenya zimejaa majina ya kubandikana, na mengi hufa kabla ya wiki kwisha. Hili lilidumu. Lilitoka kwenye simu likaingia barabarani, likaandikwa kwenye mabango ya maandamano ya Juni 2024, na waliojaribu kulizima, kwa pesa na kwa wingi wa akaunti, hawakufua dafu.

Shtaka na dai katika maneno mawili

Mwanzo wake ni Mswada wa Fedha wa 2023. VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Mwajiriwa alikatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri akatakiwa kutoa kiasi hicho hicho. Ushuru wa mauzo kwa biashara ndogo ulitoka asilimia 1 hadi 3. Mswada ulitiwa sahihi tarehe 26 Juni 2023. Haya yalikuja chini ya mwaka mmoja baada ya kampeni iliyoendeshwa kwa alama ya wilbaro na ahadi ya uchumi wa kuanzia chini, kwa mama mboga na mtu wa bodaboda. Ruto alikuwa amejipa jina la Hustler na nchi ikalikubali. Sasa ikampa jingine.

Lililofanya Zakayo ishike ni kwamba ni hukumu iliyofupishwa. Mtu wa Luka 19 alikuwa mkubwa wa watoza ushuru, naye alikuwa tajiri. Shtaka zima limo humo bila kuongezwa neno. Kisha kuna dai. Katika Biblia ya Union, Yesu anamwambia: "Zakayo, shuka upesi, kwa kuwa leo imenipasa kushinda nyumbani mwako." Kwa hiyo anayesema "Zakayo shuka" hamtukani mtu akaishia hapo; anamwamuru afanye kitu, na kitu chenyewe kinajulikana. Tusi la kawaida, tuseme mwizi au muongo, halimpi anayetukanwa njia ya kutoka. Hili linampa: shuka, teremsha ushuru, rudi chini tulipo.

Halafu liko suala la uwanja. Ruto ni mwanasiasa wa madhabahuni. Huomba hadharani, huchangisha makanisani, hunukuu maandiko akiwa jukwaani. Kejeli ya Biblia ilimfikia kwa lugha yake mwenyewe, na asingeweza kuikana bila kukana kitabu anachokishika mkononi. Watoto wa shule ya Jumapili wanamjua Zakayo mfupi wa kimo kabla hawajajua kusoma, na Mkenya Mwislamu anamjua kwa kumsikia tu mtaani. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa.

Sauti nayo ilisaidia. Tamka polepole: Za-KA-yo SHU-ka. Silabi tano, mkazo ukiangukia ya pili na ya nne, jinsi Kiswahili kinavyotaka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ni maneno yanayokaa vizuri kwenye hatua za watu wanaotembea pamoja, na yanachapika kwa kidole kimoja mtu akiwa amesimama ndani ya matatu.

Lilinganishe na "Kaunda Uongoman," lililotokea baadaye kwa kuunganisha suti za Kaunda anazovaa Rais, neno uongo, na jina la mwanamuziki wa Kongo Kanda Bongo Man. Kwa ufundi wa maneno, Uongoman ni kazi nzuri kuliko Zakayo. Lakini ili ucheke unahitaji kumjua mwanamuziki, kuijua suti, na kusoma maandishi, maana ukilisikia kwa haraka linapita. Tena haliombi chochote. Lilichekwa sana, na kazi yake ikaishia kwenye kicheko.

Jambo la nne ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote: halikugusa kabila. Nchini Kenya hilo si jambo dogo. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 ziliua watu zaidi ya 1,100, na maneno yalitangulia mapanga. Tume ya Uwiano na Utangamano ya Kitaifa ilipotoa, Aprili 2022, orodha ya maneno iliyoyaona ya chuki kuelekea uchaguzi, ndani yake yalikuwamo madoadoa, kwekwe, mende. Ni maneno ya nyumbani na shambani, lakini yamewahi kutumiwa kumaanisha majirani wa kabila jingine wanaostahili kuondolewa. Zakayo hana kabila Kenya. Mkalenjin, Mkikuyu, Mluo, Mgiriama, wote waliweza kulitamka wakimlenga mtu kwa tendo lake ofisini, na hakuna jirani aliyejeruhiwa. Lakabu yoyote ya kisiasa inayotaka kupimwa ipimwe hapo kwanza.

Ni haki pia kukumbusha kwamba Ruto si mgeni wa mchezo huu. Kwenye kampeni za 2022 alimpaka Raila Odinga kwa kumwita mtu wa vitendawili, na ilimchoma mpinzani wake kwa sababu hiyo hiyo: Raila kweli alipenda vitendawili jukwaani. Mwenye kujua kubandika jina anajua pia uzito wa kubandikwa.

Jibu lililokosa vina

Waswahili wa pwani wana kanuni ya zamani ya kujibizana. Muyaka bin Haji wa Mombasa, mwanzoni mwa karne ya 19, alitunga mashairi ya kuwarushia vijembe watu wa Lamu na Sayyid Said wa Oman, naye akijibiwa. Miaka ya 1970 huko Lamu mashairi ya uchaguzi yalirekodiwa kwenye kaseti na kuzungushwa nyumba kwa nyumba, kila upande ukimjibu mwenzake. Katika malumbano ya namna hiyo anayejibu huchukua bahari, yaani muundo wa shairi, ya aliyeanza, na mara nyingi vina vyake pia. Akija na shairi la vina vingine, wasikilizaji watasema hajajibu, ametunga tu lake.

Kanuni hiyo inaeleza vizuri sana kwa nini upande wa serikali ulikwama kwenye Zakayo. Majibu yake yalikuja ya aina tatu.

La kwanza ni takwimu: orodha ndefu ya miradi, mifuko ya mbolea ya ruzuku, kilomita za barabara. Zote zinaweza kuwa kweli. Lakini mtu ameambiwa shuka, na wewe unamwonyesha ulichobeba ukiwa bado juu ya mti. Kila mradi ulioorodheshwa ulizua swali lile lile la ushuru, yaani umelipiwa na nani.

La pili ni kulikumbatia jina. Rais mwenyewe alilitaja hadharani kwa kicheko zaidi ya mara moja, na kwa kawaida hiyo ndiyo njia bora ya kulizima tusi: ukilivaa, linapoa. Hapa halikupoa, na sababu iko mstari wa nane wa sura ile ile. Zakayo, baada ya kushuka, anasema: "nusu ya mali yangu nawapa maskini, na ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Anayekubali kuwa Zakayo amekubali hadithi yote, pamoja na kurudisha. Wasomaji wa Biblia, nao ni wengi kwenye komenti za Kenya, wangeweza kumdai mara nne ile.

La tatu ni hashtegi za kununua. Soko hili lilikuwapo tayari. Mwaka 2021 Mozilla Foundation ilichapisha uchunguzi wa Odanga Madung na Brian Obilo kuhusu kampeni za kuwachafua majaji na wanaharakati waliopinga marekebisho ya katiba ya BBI (Building Bridges Initiative). Walihesabu machapisho zaidi ya 23,000 kutoka akaunti kama 3,700. Washiriki walipokea maneno na hashtegi kupitia makundi ya WhatsApp, na malipo yalikuwa kati ya dola 10 na 15 kwa kushiriki kampeni tatu kwa siku. Ni mtambo unaofanya kazi vizuri kwa jambo moja: kuingiza hashtegi kwenye orodha ya yanayovuma. Orodha ile hupima zaidi kasi ya ghafla kuliko jumla, hivyo watu mia mbili wakiandika neno moja ndani ya dakika kumi na tano wanaweza kuwapiku maelfu wanaoliandika taratibu kutwa nzima.

Lakini mtambo huo hauwezi kujibu mtu. Anayelipwa kwa idadi ya machapisho hana wakati wa kusoma aliyemtangulia, na komenti ni mahali pa kujibiwa. Ndiyo maana akaunti hizi hujulikana haraka. Ukitaka kuzithibitisha, chukua sentensi yake, iweke ndani ya alama za kunukuu, uitafute neno kwa neno; ikitokea kwenye akaunti kumi na mbili yenye kosa lile lile la tahajia, umemaliza nusu ya kazi. Kisha angalia saa za kuchapishwa: watu wa kawaida hutawanyika, wa kulipwa hurundikana. Angalia akaunti ilifunguliwa lini, na kama imewahi kuzungumza na mtu yeyote kuhusu mpira, msiba au bei ya unga. Na usiache kusoma mwisho wa chapisho. Wakati mwingine mtu hunakili ujumbe wa kundi pamoja na maagizo yake, "post kuanzia saa tatu," na maagizo yanabaki hapo wazi. Komenti moja ya namna hiyo ikipigwa picha ya skrini, kampeni nzima imekwisha, kwa sababu kila anayeitetea serikali kwa moyo wake ataambiwa naye analipwa. Huo ndio uharibifu mkubwa wa mabloga wa kununuliwa: huwanyang'anya wafuasi wa kweli sauti yao. Walikuwapo wengi walioamini ada ya nyumba ni jambo jema. Hawakusikika.

Chini ya picha ya waziri

Chukua chapisho la kawaida: waziri ameshika sepeto, nyuma yake kuna hema jeupe, maelezo ni ya ujenzi wa soko. Kinachotokea chini yake hakitokei kwa bahati.

Mitandao haipangi maoni kwa saa ya kufika. Facebook huanza na yanayodhaniwa kumfaa msomaji zaidi, yaani yenye majibu na alama nyingi. X, iliyokuwa Twitter, huwapa nafasi ya juu wanaolipia tiki ya buluu, na tangu 2023 baadhi yao hulipwa kwa mivutano wanayoizua. Kwa hiyo komenti ya kwanza unayoiona aghalabu imeandikwa na mtu mwenye sababu ya kutaka ugombane naye. Mwenye hoja yuko chini, baada ya kubonyeza "onyesha zaidi" mara mbili. Anayechambua hisia za umma kwa kusoma komenti tano za juu amesoma matangazo.

Ndani ya mpangilio huo, komenti fupi ina nguvu kuliko ndefu. "Shuka" haikatwi na mtandao kwa urefu na haihitaji kubonyezwa ifunguke. Ikirudiwa na watu mia inajaza skrini nzima neno moja, na msomaji anayeteleza na kidole anaona ukuta. Chini ya ukuta huo kila mtu anaweza kuongeza tofali bila kuogopa, maana hakuna wa kumshika mmoja kati ya mia. Na wako wale wanaoandika tu "nimekuja kusoma komenti." Wasidharauliwe. Kila wanapoandika hivyo wanaongeza hesabu, chapisho linasukumwa kwa watu wapya, na waliokuja kusoma wanakuwa hadhira ambayo waziri hakuwa nayo.

Kipimo ambacho watu hukiangalia ni uwiano: chapisho lina alama za kupenda mia tatu na majibu elfu mbili. Kwa Kenya hilo husomwa kama kura ya kutokuwa na imani. Ofisi nyingi hufanya kosa lile lile hapo, hufunga maoni. Ukifunga, watu hulinukuu chapisho kwenye kurasa zao, ambako huna uwezo wa kuficha chochote, na taarifa kwamba umefunga inageuka kuwa habari yenyewe. Kufuta ni kubaya zaidi, kwa kuwa picha ya skrini ilishapigwa. Kinachofaa, kwa ofisi yenye jambo la kweli la kueleza, ni kubandika juu jibu moja lenye hesabu na chanzo, kujibu maswali matano au sita ya kweli ndani ya saa ya kwanza kwa jina la mtu anayejibu, na kuziacha kejeli zipite. Ni kazi ya mtu mmoja mwenye ruhusa ya kujibu bila kungoja saini ya bosi. Ofisi chache zina mtu huyo.

Mwezi Juni 2024 komenti zilivuka skrini. Mswada mpya wa Fedha ulitaka kukusanya zaidi ya shilingi bilioni 300, ukiwa na VAT ya asilimia 16 kwa mkate na ushuru wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Vipengele hivyo viwili viliondolewa tarehe 18 Juni baada ya kelele, lakini mswada uliendelea. Vijana walisambaza nambari za simu za wabunge na kuhimizana "kuwasalimia," hadi simu zikalemewa na jumbe. Wengine waliufafanua mswada kwa Kikuyu, Kiluo, Kikamba na lugha nyingine kwa video fupi. Majibizano hayakuwa tena chini ya chapisho la mtu. Yalikuwa mfukoni mwa mbunge akiwa kitini bungeni. Hapo ndipo ninapoona mpaka ukivukwa kwa sehemu: kumpigia mbunge simu ya kazi ni haki ya mpiga kura, lakini nambari za wake na watoto wao, zilizochanganywa humo na wachache, hazikuwa na haki yoyote ya kuwepo.

Vichujio visivyojua sarufi

Anayesimamia ukurasa wenye mjadala wa siasa kwa Kiswahili ana tatizo ambalo mwenzake wa Kiingereza halijui. Vichujio vya maneno hutafuta neno kama lilivyoandikwa, nacho Kiswahili hujenga sentensi nzima ndani ya kitenzi. Ukizuia "fukuza," mtandao utaziacha zipite "wafukuzwe," "tuwafukuze" na "watafukuzwa tu." Palipo na kichujio kinachokubali sehemu ya neno, weka mzizi: "fukuz." Pasipo nacho, andika maumbo kumi au kumi na tano ya kitenzi kimoja kwa mkono, ukianza na ya kuamrisha, tu- na wa-, kwa kuwa uchochezi huja kwa maumbo hayo.

Majina yana shida iliyo kinyume. Ukiweka "kwekwe" utawanyamazisha wakulima. Ukiweka "mende" utawazuia wanaouliza dawa ya jikoni. "Madoadoa" itamkamata fundi wa kufua. Maneno haya hayafai kufutwa na mashine. Yapelekwe kwenye foleni ya mtu asome, na mtu huyo awe anajua eneo linalozungumzwa, kwani "kwekwe" ya Nakuru wakati wa uchaguzi si ile ya msimu wa palizi.

Kampuni kubwa zimeshindwa mtihani huu wazi. Mwezi Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, mashirika ya Global Witness na Foxglove yalipeleka Facebook matangazo ya majaribio yenye maneno ya chuki, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Ya Kiingereza mwanzoni yalikwama kwa makosa ya sarufi na lugha chafu. Yaliporekebishwa kidogo yakapita. Ya Kiswahili yalipita pia. Tarehe 29 Julai tume ya uwiano iliipa Meta, kampuni mama ya Facebook, siku saba kurekebisha mambo. Fikiria maana yake: "shuka," neno lisilo na madhara, linaweza kufichwa kwa kuwa limerudiwa mara nyingi na kuonekana taka, huku mwito wa kufukuza majirani ukipita kwa kuwa hakuna aliyeusoma.

Kwa mwandishi wa kejeli mwenyewe, hatari iko kwenye picha. Kurasa bandia za mbele za magazeti zimezunguka sana katika chaguzi za Kenya, na nyingine zilianza kama mzaha uliokuwa na alama pembeni. Pembe hukatwa kwanza. Kama umetengeneza kichwa cha habari cha uongo kwa ajili ya dhihaka, alama ya "dhihaka" iwekwe katikati, juu ya maneno yenyewe, hata ikiharibu uzuri wake. Usimtie mtu kinywani nukuu ambayo hakuisema. Mkejeli kwa aliyoyasema; kwa mwanasiasa wa Kenya hutakosa.

Gharama

Tarehe 25 Juni 2024 wabunge waliupitisha mswada kwa kura 195 dhidi ya 106, na waandamanaji wakaingia bungeni. Kesho yake Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi. Kwa lugha ya barabarani, Zakayo alishuka, angalau tawi moja. Lakini Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu vifo vya watu 60 katika maandamano ya miezi ile, na visa 82 vya watu kutekwa au kupotea hadi Desemba, baadhi yao wakiwa vijana waliochora au kusambaza picha za kumdhihaki Rais.

Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu aliyekuwa pia akiandika mtandaoni, alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya chapisho lililomhusu Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi, akasafirishwa hadi Nairobi, na akafa mikononi mwa polisi. Polisi walisema alijigonga ukutani. Upasuaji wa maiti ulionyesha majeraha ya kichwa na shingo iliyobanwa, na mpasuaji akasema haielekei alijiumiza mwenyewe. Aliacha mke na mtoto mdogo.

Mahakama Kuu ya Kenya ilikuwa imekwisha kuondoa, kati ya Aprili 2016 na Aprili 2017, kifungu cha matumizi mabaya ya vifaa vya mawasiliano, kosa la jinai la kuchafua jina, na kosa la kudhoofisha mamlaka ya afisa wa umma. Vilikuwa vifungu vilivyopendwa sana kuwakamatia wanablogu. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 ikarudisha sehemu ya uwezo huo kwa mlango mwingine, kwa adhabu nzito kwa habari za uongo. Kwa anayeandika, tofauti inayomlinda mahakamani ni hii: lakabu ni maoni, tuhuma ya wizi au mauaji ni madai ya ukweli, nayo hudaiwa ushahidi. "Zakayo" haihitaji shahidi. Lakini tofauti hiyo haimlindi mtu dhidi ya gari lisilo na nambari.

Baada ya Zakayo

Mwisho wa 2024 lilikuja "Kasongo," kutoka kwa wimbo wa 1977 wa Orchestra Super Mazembe, bendi ya Wakongo iliyotamba Nairobi. Kwa Kilingala ni mke anayemlilia mumewe arudi nyumbani. Lilienea TikTok kwa kasi, lilichezwa harusini, na wengi walioliimba hawakujua linamlaumu Rais kwa lipi. Halikuwa na ushuru ndani yake, wala amri. Lilikuwa furaha ya watu waliochoka, na furaha hiyo ilikuwa na haki yake baada ya mwaka ule.

Mwaka 2025 likaja "wantam," muhula mmoja tu, na hapo dai likarudi, likiwa na tarehe: uchaguzi wa 10 Agosti 2027. Safari hii upande wa Rais haukuleta orodha ya barabara. Ulijibu "tutam," mihula miwili. Silabi zinakaribiana, mwisho ni ule ule, na mtu yeyote anaweza kulichapa chini ya chapisho bila kungoja maagizo ya kundi. Kwa mara ya kwanza tangu 2023 waliojibu walichukua kina cha mwenzao, na kwenye komenti unaona tofauti: watu wanajibizana, neno kwa neno, usiku kucha, wengi wao bila senti ya mtu.